Mpaka wa Miguu

Watu wa Lumemo hawaulizi mvua imenyesha wapi. Wanautazama mto. Ukija na rangi ya chai ya maziwa wanajua kumenyesha huko juu Udzungwa, hata kama hapa Ifakara vumbi bado linatimka. Ukija na magogo, kina mama huanza kupandisha magunia ya mpunga juu ya vitanda bila kungoja tangazo la mtu. Kata yetu ina jina la mto, na naona ni haki, maana mto ndio mwenye nyumba. Sisi ni wapangaji, na masika ndipo anapopita kukagua.

Nimeanza na maji ingawa ninayetaka kumsifu ni mtu wa miti. Msitu wa milimani ukiisha, maji huteremka yote kwa mkupuo. Ukiwepo, huteremka kidogo kidogo mpaka kiangazi. Hilo hata mtoto wa shule ya msingi analijua. Lisilosemwa sana ni kwamba msitu hausimami kwa mizizi peke yake. Unasimama kwa sababu kuna watu waliokaa wakakubaliana kwamba kuanzia hapa hatukati. Kuwafikisha watu kwenye hilo neno dogo, "hapa", ni ufundi, na wenye ufundi huo wana jina la kiofisi lisilovutia hata kidogo: maafisa wa usimamizi shirikishi wa misitu.

Bwana misitu wa utoto wangu alikuwa mtu mwingine. Alikaa kwenye kizuizi cha barabarani, ana kofia, ana nyundo ya chuma yenye alama usoni pake. Gogo lililogongwa nyundo lilikuwa halali, lisilogongwa lilikuwa kesi. Shangazi zangu wakirudi na kuni walikuwa wakimwona kwa mbali wanashusha mizigo majanini, wanajitanda kanga, wanampita wakimwamkia kwa upole kama watu waliotoka msibani. Simlaumu. Kazi aliirithi hivyo. Wajerumani walitenga misitu ya hifadhi, Waingereza wakaongeza, na uhuru ulipokuja vibao vilibaki palepale, vikabadilishwa lugha. Msitu ulikuwa wa serikali, na mwanakijiji ndiye mshukiwa wa kwanza.

Mambo yalianza kugeuka mbali na kwetu, huko Babati. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 msitu wa Duru-Haitemba ulikuwa njiani kufanywa hifadhi ya serikali, wanavijiji wakagoma, na walipoachiwa waulinde wenyewe kwa sheria zao ndogo, waliulinda. Ikaja Sera ya Taifa ya Misitu ya 1998, ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kisha Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, ambayo inakiruhusu kijiji kutenga msitu katika ardhi yake, kuusimamia na kufaidi kinachotoka humo. Tangu hapo mtaalamu wa misitu akiingia kijijini huanza na hodi.

Na hodi nayo ina msimu wake. Bonde la Kilombero ni nchi ya mpunga. Mvua zikishika, familia hufunga nyumba na kuhamia shambani, zikaishi kwenye madungu mpaka mavuno. Mgeni akiitisha mkutano mkuu wa kijiji mwezi wa tatu atawapata mwenyekiti, mtendaji, mwenye duka na mbuzi wawili. Akidi haitimii. Bila akidi hakuna uamuzi, na bila uamuzi hakuna msitu wa kijiji, hata kama mfadhili ameshaandikiwa ripoti kwamba upo. Nimewahi kumsikia mtaalamu mmoja akilalamika kuwa wanakijiji hawa hawana mwamko. Mwamko walikuwa nao; walikuwa macho tangu alfajiri wakifukuza kweleakwelea.

Kati ya maafisa hao wa misitu, ninayemkumbuka zaidi ni mwanamke. Tulimwita Bibi Misitu, ingawa wakati huo hakuwa amefika arobaini. Nilifuatana naye siku tatu katika kijiji kimoja chini ya milima, wakati wa kutembea mpaka. Kabla yake mradi fulani, nisioutaja, ulikuwa umeuchora mpaka huohuo ofisini, juu ya picha ya satelaiti, mstari umenyooka kama kamba ya mwashi. Rangi nyekundu ikapakwa kwenye miti. Haukupita mwaka, magome yenye rangi yalikuwa yamebanduliwa kwa panga, moja baada ya jingine, bila haraka na bila kelele.

Safari hii walikuja wazee wa vijiji viwili vinavyopakana, kamati ya maliasili, vijana wenye mapanga, na mama mmoja mtu mzima aliyebeba sufuria kwa ajili ya chakula cha watembeaji. Bibi Misitu alining'iniza jipiesi shingoni kama hirizi, wala hakuiwasha. Aliuliza tu mpaka unaanzia wapi.

"Mkuyuni," akasema mzee wa kwanza.

"Mkuyu upi?" akadaka wa pili. "Ule wenyewe ulianguka. Huu wenu ni mtoto wake."

Hapo tukakaa saa mbili. Mikuyu iliyokufa ilifufuliwa, mababu waliokufa wakaitwa mashahidi, mtu akakumbushwa mbuzi ambaye hakulipwa hadi leo. Bibi Misitu aliketi kwenye mzizi, akatoa kiazi kitamu kwenye mkoba, akawa anakimenya. Mimi roho iliniuma. Nilimnong'oneza, "Dada, si uwaonyeshe ramani?"

"Nikiwaonyesha ramani watanyamaza," akasema. "Wakinyamaza, nimekwisha."

Aliyeimaliza kesi ile ni yule mama mwenye sufuria. Alisema, bila hata kugeuka, kwamba kati ya mikuyu yote miwili kuna shimo walilokuwa wakichimba udongo wa vyungu, mama yake na wanawake wa upande wa pili, na kwamba kando ya shimo lile hajawahi kuona mtu akilima. Wazee wakatazamana. Tukaenda tukalikuta, limejaa majani. Mpaka ukapitishwa hapo. Ndipo jipiesi ilipowashwa. Mstari tuliouleta baada ya siku tatu ulikuwa umepindapinda kama mtu anayetoka kilabuni, na mpaka leo sijasikia gome lililobanduliwa.

Namsifu kwa kile kiazi. Kujua kumenya kiazi wakati watu wanagombana, ukasikiliza kwa kichwa kilichoinama, hakufundishwi Olmotonyi wala Chuo Kikuu cha Sokoine, ingawa miti na hesabu zake alizisoma vizuri. Hesabu zilikuja baadaye. Mpaka ukishajulikana, mikuza hukatwa ndani ya msitu na vijana wa kijiji hupima miti kwa futi kamba, kipenyo cha usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Mzee anataja jina, mninga, mkongo, mvule. Mtaalamu anaandika la mzee kisha la Kilatini pembeni. Lakini Bibi Misitu alikuwa akitazama pia vile visivyopimika kwa futi. Miti mikubwa tele na michanga hakuna: hapo moto hupita kila mwaka. Visiki vingi upande mmoja wa njia: hapo pana baiskeli zinazobeba usiku. Alikuwa akiusoma msitu kama hakimu anavyosoma uso wa shahidi.

Nikiri jambo moja kabla sijaonekana mtakatifu. Nyumbani kwangu tunapikia mkaa. Na yeye kwake anapikia mkaa, alinikaribisha chai nikaona jiko. Ndiyo maana tulizungumza sana habari za Kilosa, jirani zetu hapohapo Morogoro, ambako tangu 2012 vijiji kadhaa vilianza kuvuna mkaa kwa mpango vikisaidiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania na MJUMITA, mtandao wa jamii zinazotunza misitu. Eneo la mkaa hugawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, mithili ya ubao wa drafti. Kipande hiki kikikatwa, jirani yake huachwa. Visiki hachimbui mtu, maana miti ya miombo huchipua kisikini. Na mpango unataka kipande kilichovunwa kipumzike miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Ushuru unaingia kijijini, ukajenga darasa, ukajenga zahanati. Kuna wahifadhi wanaokereka wakisikia neno mkaa na neno hifadhi katika sentensi moja. Mimi nawauliza wanapikia nini.

Kwetu bondeni shughuli ni ngumu kuliko Kilosa, kwa kuwa kila mtu analitaka bonde. Miwa inalitaka, mpunga unalitaka, mitiki ya kampuni imesimama kama gwaride tangu miaka ya 1990. Mwaka 2002 dunia nayo ikajiandikisha: Mkataba wa Ramsar ukaliingiza bonde kwenye orodha ya ardhioevu zake, maana wakati huo humu ndimo walimokuwa wamebaki swala waitwao sheshe wengi kuliko popote. Halafu kuna ng'ombe. Wafugaji wa Kisukuma waliposhuka na makundi yao, lawama zote ziliwaangukia, na kweli mifugo ilikanyaga vyanzo vya maji. Bibi Misitu hakwenda kwao na mgambo. Alikwenda akamuuliza mzee wa boma ngitili ni nini. Alikuwa anajua, bila shaka. Kule Shinyanga, tangu mradi wa HASHI wa 1986, ngitili zile za asili, majani yanayofungwa wakati wa mvua yakafunguliwa kiangazi, ziliufufua uoto uliokuwa umekwisha. Mzee alieleza hadi jua likazama, mara anachora chini kwa fimbo, mara anasimama. Alikuwa hajaulizwa chochote tangu ahamie Kilombero, isipokuwa idadi ya ng'ombe.

Upande wa Mang'ula mpaka umegeuzwa kuwa njia. Wakulima walikubali kuachia sehemu ya mashamba yao kwa fidia ili tembo wapite kati ya Udzungwa na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na barabara ya lami ikajengewa daraja la kupitia chini yake. Njia ya tembo ni mipaka miwili inayotazamana, kwa hiyo ugomvi wa mikuyu huwa mara mbili. Nawajua waliokaa vikao vile. Hakuna aliyewapiga picha; walipigwa picha tembo.

Naandika haya nikiwa chini ya taa. Takriban asilimia 62 ya maji ya Rufiji hutoka katika mto Kilombero na vijito vyake, Lumemo ukiwa mmojawapo, na huko chini bwawa la Julius Nyerere limejengwa kwa megawati 2,115. Umeme ukikatika Dar es Salaam watu hulaani shirika la umeme. Hawana sababu ya kujua kwamba mahali fulani kuna kikao kilichokosa akidi.

Mara ya mwisho kufuatana na Bibi Misitu ilikuwa mwezi wa tisa, kwenye kijiji kilekile cha mkuyu. Ni wakati wa kufyeka mpaka, ili moto wa mashambani usivuke kuingia msituni. Tulifika saa tatu asubuhi kwa pikipiki, yeye ana daftari la mahudhurio na maneno ya kuhamasisha aliyoyapanga njia nzima. Mpaka ulikuwa mweupe. Ulifyekwa juzi yake, kuanzia mkuyuni hadi mtoni.

"Karibu, Bibi Misitu," akasema mwenyekiti wa kamati, ameshika kikombe. "Tuliona tusikungoje."

Alisimama kidogo, kama aliyenyang'anywa kitu. Kisha akaazima panga, akaenda peke yake hadi kwenye shimo la udongo wa vyungu, akafyeka kichaka kimoja kilichokuwa kimesahauliwa ukingoni, akamrudishia mwenye panga panga lake. Tukakunywa chai, tukarudi.