Sanaa na Kiu: Birika la Mbwa katika Berczy Park

Katika mji wa Toronto, nchini Kanada, ipo bustani ndogo iitwayo Berczy Park, iliyosanifiwa upya na Claude Cormier na kufunguliwa mwaka 2017. Katikati yake limesimama birika la ngazi mbili lirushalo maji. Sanamu 27 za mbwa wa kila namna zalielekea, nyingi zikitema maji, na juu kabisa pamewekwa mfupa wa rangi ya dhahabu. Paka ni mmoja tu, wala hana habari na mfupa. Macho yake yako kwa ndege wawili waliotua juu ya nguzo ya taa.

Ucheshi huo husifiwa sana, nami siukatai. Lakini yafaa mhakiki ainame atazame chini, usawa wa ardhi, ambapo mbwa wa kweli hupata maji ya kunywa. Mzaha wote wa juu ni wetu sisi wanadamu; mbwa hautambui mfupa wa dhahabu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliiita kazi ya namna hii “sanaa yenye manufaa.” Nilimwuliza: je, iliyobaki haina? Neno sanaa tulilipata katika Kiarabu, na shina lake lahusu kutenda na kuunda kwa ustadi. Seremala aliyechonga milango ya Unguja alifanya sanaa, na mlango ulifungwa usiku. Tukiongeza “yenye manufaa” twakubali, pasipo kufikiri, utengano wa uzuri na matumizi ambao neno lenyewe halikuja nao.

Kwa kipimo hicho Cormier amefaulu nusu. Jumuiya iliyoundwa London mwaka 1859 ili kuwapatia watu maji ya bure iliongeza wanyama katika jina lake mwaka 1867. Mabirika yake ya mawe, mengi yakiwa na hodhi ndogo chini kwa ajili ya mbwa, hayakuchekesha mtu, na umbo lao lote lilitokana na kiu. Katika Berczy Park kiu imepewa ukingo, na picha imepewa kitovu.

Hata jina la mnyama huyu latutatiza. “Mnyama wa kufugwa” ni mbuzi pia; “kipenzi” chaeleza moyo wa mwenyewe tu. Na msomaji wa pwani, ambaye nyumbani kwake paka huingia na mbwa hukaa nje, nadhani atakuwa upande wa yule paka mmoja.