Waya, Posho na Zamu: Uhakiki wa Sitiari ya Gridi Ukitazamwa kutoka Katuba

1. Utangulizi

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili zimejadiliwa kwa muda mrefu, na aghalabu mjadala umekuwa juu ya umbo la neno: likopwe, litafsiriwe, au lifufuliwe kutoka katika lahaja? Mvutano baina ya "kompyuta" na "tarakilishi" ni mfano unaojulikana. Suala ambalo halijapewa uzito wa kutosha ni la picha. Istilahi nyingi za taaluma hiyo ni sitiari, na sitiari inapovuka mpaka wa lugha huenda na dhana za jamii iliyoizaa. Makala hii inahakiki sitiari moja tu, ile ya gridi.

Kwa gridi, wataalamu wa kompyuta wanakusudia mfumo unaounganisha kompyuta nyingi zilizo mahali mbalimbali, ambazo ni mali ya wenyewe tofauti, ili zishirikiane kufanya kazi kubwa isiyowezekana kufanywa na mmoja wao. Moyo wa mfumo huo ni mambo mawili: kusimamia rasilimali, yaani kuamua kazi ipi ifanyike wapi na lini, na kuziangalia, yaani kujua kila wakati ipi ipo, ipi imelemewa na ipi imezimika. Hoja ya makala ni kwamba sitiari ya gridi inaficha mambo hayo mawili, na kwamba Kiswahili tayari kina picha inayoyafichua. Uhakiki unafanywa kutoka Katuba, mojawapo ya komuni saba za mji wa Lubumbashi, kwa kuwa hapo udhaifu wa sitiari hiyo unaonekana waziwazi.

2. Asili ya sitiari na safari yake

Sitiari hii ilienea kwa kitabu kilichohaririwa na Ian Foster na Carl Kesselman, kilichotoka mwaka 1998. Msingi wake ni umeme. Mtu anayechomeka waya ukutani hana haja ya kujua nguvu inatoka bwawa gani wala imepita njia ipi. Vivyo hivyo, mtafiti angechomeka kazi yake katika mtandao na kupata uwezo wa kukokotoa. Hii ni sitiari ya jamii ambamo umeme umekuwepo kwa uhakika hata ukasahaulika. Nguvu yake yote inategemea kusahau huko.

Ilipopita katika Kifaransa, lugha ya masomo ya chuo kikuu huko Lubumbashi, sitiari ilivunjika. Mtandao wa umeme kwa Kifaransa huitwa réseau, lakini istilahi ya kompyuta ikatafsiriwa kwa neno grille. Kwa mwanafunzi anayetoka Katuba, grille ni nondo zinazowekwa dirishani kuzuia wezi. Neno lililokusudiwa kumaanisha kuungana linamletea picha ya kufungiwa nje.

Katika Tanzania na Kenya hali ni tofauti, ila si bora. Neno "gridi" limekwisha kuzoeleka, lakini limezoeleka pamoja na kijalizo chake: gridi ya taifa. Msikilizaji hulielewa kama mali ya mmoja, inayoendeshwa kutoka kituo kimoja. Hali Foster mwenyewe, alipoweka vigezo vitatu vya kuitambua gridi mwaka 2002, alitanguliza kigezo kwamba iratibu rasilimali zisizo chini ya mamlaka moja. Hivyo neno linalotumika linakanusha sharti la kwanza la kitu kinachoitwa kwa neno hilo.

3. Waya wa Katanga

Historia ya umeme wa Katanga inatoa ushahidi zaidi. Bwawa la Mwadingusha, katika mto Lufira, lilianza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda vya shaba. Mnamo 1956 umeme wa Katanga ulivushwa mpaka hadi migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Mwaka 1982 ukakamilika mkondo wa Inga–Shaba, wenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, kutoka mto Kongo hadi Kolwezi. Mkondo huo ulijengwa kwa umeme mnyoofu wa msongo mkubwa, na mitambo ya kuugeuza iliwekwa kwenye ncha zake mbili. Matokeo yake ni kwamba nguzo zilipita juu ya vijiji vingi bila umeme kushuka.

Hapakuwa na ajali yoyote katika jambo hilo. Waya ulikuwepo, nguvu ilikuwepo, bali uamuzi wa nani apewe ulikuwa umekwisha kufanywa katika mpangilio wenyewe wa mitambo. Kwa mkazi wa Katuba, anayejua kukatwa kwa umeme kwa mzunguko wa mitaa, ambako wakazi hukuita kwa neno la Kifaransa délestage, jambo hili halihitaji maelezo. Yeye hawezi kuusahau umeme. Anajua kwamba nyuma ya ukuta yupo mgawaji, na kwamba mgawo ni siasa kabla ya kuwa ufundi. Sitiari inayomwambia "chomeka tu" inamwondolea ujuzi ambao tayari anao.

4. Posho na likelemba

Picha gani basi inafaa? Msamiati wa Lubumbashi unatoa mbili zinazopingana. Ya kwanza ni posho. Katika kambi za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, posho ilikuwa mgawo wa chakula aliopewa mfanyakazi na kampuni. Ghala lilikuwa moja, mizani moja, na orodha ilishikwa na mwenye ghala. Mpokeaji hakuchangia ghalani, wala hakuwa na sauti juu ya kipimo.

Ya pili ni likelemba, ambayo Tanzania huitwa upatu. Hapa ghala halipo. Kila mwanachama analeta sehemu yake, na jumla inamwendea mmoja mmoja kwa zamu. Mali inabaki ya wenyewe. Kinachoshirikiwa ni mpango. Likelemba hudumu kwa sababu mbili: watu wanakubaliana juu ya utaratibu, na yupo anayejua nani ametoa na nani bado. Kwa maneno mengine, haiwezi kuishi bila usimamizi na uangalizi.

Ukilinganisha picha hizo na mifumo yenyewe, mfano wa likelemba unakaribia zaidi. Programu ya Condor, iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mnamo 1988, ilikusanya muda wa kompyuta zilizokaa bure mezani pa watu. Mwenyewe akirudi kwenye kompyuta yake, kazi ya mgeni husimama au kuhamishwa. Mfumo unaohudumia utafiti wa CERN unaunganisha vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40, na kila kituo kina mwenyewe. Foster na wenzake waliuita ushirika wa namna hiyo, mwaka 2001, jumuiya isiyo na mahali: watu na taasisi waliokubaliana masharti ya kutumia mali ya kila mmoja. Mtu wa Katuba angeitambua jumuiya hiyo mara moja.

Posho nayo haikukosa nafasi yake. Huduma za kukodi kompyuta zilizoitwa "wingu", zilizoenea baada ya mwaka 2006, zinarudisha ghala moja lenye mwenyewe mmoja. Tofauti ni kwamba sasa mpokeaji hulipia kipimo. Ni jambo la kuzingatia kwamba sitiari ya waya na ukuta inalifaa wingu kuliko ilivyopata kuifaa gridi.

5. Zamu: neno moja kwa kazi mbili

Istilahi za kawaida za mambo haya ni "usimamizi" na "ufuatiliaji". La kwanza halina tatizo kubwa. La pili linapotosha, kwa sababu kufuatilia ni kwenda nyuma ya jambo lililokwisha kutokea. Uangalizi wa mfumo uliotawanyika unapambana hasa na kuchelewa huko: habari kwamba kompyuta fulani ipo wazi inaweza kuwa imezeeka inapomfikia anayepanga kazi. Ndiyo maana muundo wa uangalizi uliopendekezwa kwa gridi mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulitenganisha pande tatu: anayetoa habari, anayeitumia, na daftari linaloonyesha nani ana habari gani.

Kiswahili kina neno linalozibeba kazi zote mbili bila kuzitenga. Zamu ni nafasi ya mtu katika utaratibu wa kupokezana. Zamu pia ni lindo: kushika zamu ni kukesha ukiangalia. Mashariki mwa Kongo maana hii ya pili imeshika nguvu hata "zamu" likawa jina la mlinzi mwenyewe. Lugha hapa imeona jambo ambalo istilahi mbili za kitaalamu zimelitenganisha, kwamba kupokezana kwa haki hakuwezekani bila mtu aliye macho. Anayepanga bila kuangalia hugawa vitu visivyokuwepo. Naye anayeangalia bila kupanga hukusanya habari zisizomfaa mtu.

6. Mipaka ya picha hii

Uhakiki wa haki hauna budi kuonyesha pia mahali picha mpya inapopwaya. Kwanza, fedha ya likelemba isipotumika leo hutumika kesho. Saa ya kompyuta iliyopita bila kazi imepotea, kama umeme ambao haukutumika. Hapa sitiari ya zamani ina nguvu. Pili, wanachama wa likelemba wanajuana kwa sura. Katika gridi hawajuani, na imani hujengwa kwa hati za utambulisho zinazotolewa na mamlaka inayokubaliwa na wote. Tatu, sehemu katika likelemba huwa sawa, lakini kompyuta hazilingani kwa uwezo. Zamu ya haki katika gridi inabidi ipimwe, haitoshi kuhesabiwa.

Kuna pia suala la neno lenyewe. Kuiita gridi "ukokotoaji wa ubia" kungehifadhi sharti la wenyewe wengi, kwani ubia ni ushirika ambao kila mtu ana hisa yake. Hata hivyo neno lililosanifiwa Dar es Salaam au Nairobi linaweza kufika Katuba likiwa geni sawa na grille. Likelemba inaeleweka Katuba, na haieleweki Mombasa. Kamati za istilahi zingefanya vyema kukusanya maneno ya pande zote kabla ya kuchagua moja.

7. Hitimisho

Jambo linalobishaniwa hapa linavuka usahihi wa tafsiri. Sitiari ya ukuta humweka msomaji upande wa kupokea, na mahali ambapo umeme hukatika humfanya hata asiwe mpokeaji. Sitiari ya zamu humwuliza analeta nini na anapatikana lini. Mradi wa MalariaControl.net, ulioendeshwa na watafiti wa Uswisi kati ya mwaka 2005 na 2016, ulitumia kompyuta za kawaida za watu waliojitolea kuiga kwa hesabu mwenendo wa malaria. Kompyuta hizo zilizimwa na kuwashwa wenyewe walipotaka, na kazi ikaendelea, kwa kuwa mfumo ulijengwa ukitarajia kukatika. Kwa kanuni hiyo, kompyuta ya Katuba inayopata umeme saa chache kwa siku ina nafasi katika hesabu, mradi saa zake zijulikane na gharama ya mawasiliano isimwelemee mwenyewe.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba gridi ni ukuta atasubiri umeme urudi. Aliyefundishwa kwamba ni zamu atauliza ratiba imepangwa na nani, na daftari limeshikwa na nani.