Mandhari Isiyochorwa: Uhakiki wa Picha za Joy Adamson

Mgeni afikapo Elsamere, nyumba iliyo kusini mwa Ziwa Naivasha, huelekezwa kwanza kwenye habari za simba. Elsa, simba jike aliyeipa nyumba hiyo jina, ndiye aliyeufanya ulimwengu umjue Joy Adamson, hasa baada ya kitabu Born Free kutolewa mwaka 1960. Makala haya hayahusu simba. Yanahusu uchoraji, kazi ambayo Adamson aliifanya kwa miaka mingi kabla ya Elsa kuzaliwa, na ambayo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndiyo sehemu ya urithi wake inayotuhusu zaidi sisi tunaoshughulika na lugha za Kiafrika.

Nje ya nyumba hiyo ipo mandhari ambayo mchoraji yeyote angeitamani: migunga yenye magome ya manjano, mafunjo ukingoni mwa maji, viboko, na Mlima Longonot upande wa mashariki. Hata hivyo, tuzitazamapo picha za watu zilizompatia Adamson heshima ya uchoraji, hatuoni ziwa, wala mlima, wala pwani ya bahari. Nyuma ya mtu pana karatasi tupu. Kwa nini?

Jibu la kwanza limo katika maisha yake. Alizaliwa mwaka 1910 mjini Troppau, ambao leo ni Opava katika Jamhuri ya Czech, akapewa jina la Friederike Viktoria Gessner. Alifika Kenya mwaka 1937, na mwaka uliofuata akaolewa na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Bally ndiye aliyemwita Joy, na ndiye aliyemhimiza achore maua. (Jina la Adamson alilipata mwaka 1944, alipoolewa na George Adamson.) Mchoro wa mimea una kanuni zake. Ua hukatwa, likawekwa peke yake juu ya weupe, bila udongo na bila majani ya jirani, ili mtazamaji aweze kuhesabu petali na kuifuata mishipa ya jani hadi ncha. Nyuma pakijazwa vitu, mchoro umeharibika. Adamson aliimudu kanuni hiyo hata Royal Horticultural Society ya Uingereza ikamtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell mwaka 1947.

Haukupita muda mrefu serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuwachora watu wa Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kwa kuwa iliaminika kwamba mambo hayo yalikuwa yakitoweka. Kazi hiyo ilimchukua miaka kadhaa, ikamfikisha kaskazini kwenye ukame na Pwani kwenye minazi. Picha zilizotokana nayo ni zaidi ya 500. Sehemu kubwa inahifadhiwa na Makumbusho ya Taifa mjini Nairobi, na nyingine zilichapishwa mwaka 1967 katika kitabu The Peoples of Kenya. Hapa ndipo uhakiki unapoanza, maana mkono uliozoea ua haukubadili kanuni ulipokutana na mtu.

Tusimwonee. Ustadi wa kutazama aliokuwa nao ni wa nadra. Ushanga una rangi yake halisi na umefuatana na mwenziwe kwa mpangilio uliokuwapo. Ngozi ya mbuzi inaonekana tofauti na kitambaa. Ngeu iliyopakwa usoni haichanganyiki na rangi ya mwili. Nyuso nazo hazikupambwa kwa tabasamu la kumfurahisha mtalii. Wapo wahakiki ambao wangezitupilia mbali picha hizi kwa hoja kwamba zililipiwa na mkoloni. Hoja hiyo ni kweli, lakini haitoshi. Mjukuu anayetaka kujua babu yake alivaa nini siku ya jando hana mahali pengi pa kutazama.

Lakini ni lazima pia tuulize picha hizo zinanyamazia nini. Mwezi Oktoba 1952 hali ya hatari ilitangazwa nchini Kenya, na kiini cha vita vile kilikuwa ardhi. Hapo Naivasha penyewe, ambapo hata jina la ziwa limetokana na Kimaasai, Wamaasai walikuwa wameondolewa kufuatia mkataba wa 1904 ili walowezi wapate nafasi. Kumchora Mmaasai akiwa amesimama pasipo mahali ni jambo zito, hata kama mchoraji hakukusudia neno lolote. Karatasi tupu haina mwenyewe. Hatusemi kwamba Adamson alitaka kuficha dhuluma; tunasema kwamba kanuni ya ua ilimwezesha asiulizwe.

Katika miaka hiyohiyo Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyesoma Makerere na kisha Slade huko London, alikuwa akichora kwa njia iliyo kinyume kabisa. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Museum of Modern Art mjini New York. Kwa Ntiro watu ni wengi na wadogo, nyuso zao hazitambulikani, na haiwezekani kujifunza kwake namna ya kufuma shanga. Lakini wana mahali pa kwenda, na ardhi wanayoikanyaga ni yao. Mwandishi huyu hupenda zaidi kumtazama Ntiro; ila akitaka kujua jambo, humrudia Adamson.

Picha za Pwani zinatupa njia ya kutoka katika shida hii. Tulichukue hando, vazi la mikunjo mingi la wanawake wa Kigiriama. Vazi hilo lilishonwa kwa kitambaa kilichofika kwa jahazi na meli, na aina moja ya kitambaa hicho, marekani, hadi leo inabeba jina la nchi ilikotoka. Kwa hiyo bahari imo katika mavazi ya Pwani hata pale mchoraji alipoacha kuichora. Mtazamaji ajuaye lugha huiona. Asiyejua huona kitambaa tu.

Wagiriama wenyewe wana sanaa yao ya kumkumbuka mtu. Mwanachama wa Gohu akifariki, huchongewa kigango na kuchimbiwa ardhini. Uso wa kigango ni duara tu, na mwili ni ubao wenye nakshi za pembetatu. Hakuna atakayesema kwamba unamfanana marehemu. Mahali pake ndipo penye maana, na kuking'oa ni kosa. Vigango vingi viliibwa na kuuzwa hadi Marekani, na vingine vimerudishwa Kenya tangu mwaka 2007. Adamson alihifadhi sura akaacha mahali. Mchonga kigango alihifadhi mahali akaacha sura.

Adamson aliifanya Naivasha makao yake mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1969 ajali ya gari iliujeruhi vibaya mkono wake wa kulia, mkono wa brashi, na hivyo ziwa lile lilimjia akiwa amechelewa. Aliuawa katika hifadhi ya Shaba tarehe 3 Januari 1980.

Kilichobaki ni chetu. Kitabu cha 1967 kiliandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake mtu hujulishwa zaidi kwa kabila na cheo chake. Majina ya vitu alivyovaa, sehemu za vazi, aina za shanga, na misemo iliyoambatana nazo, yamo katika vinywa vya wazee. Msichana aliyevaa hando miaka ya 1950 sasa amepita umri wa miaka 80. Kumfikia hakuhitaji fedha nyingi: nakala za picha, kinasa sauti, na mwanafunzi mmoja ajuaye Kigiriama.