Ukingo Unaokatwa na Msumeno Wenyewe

Plaiwudi ya milimita 18 ina uzito wa kilo 30 hivi, upana wa milimita 1220 na urefu wa milimita 2440. Kuisukuma nzima kwenye mashine ya mezani bila kuyumba kunataka watu wawili wanaoelewana na karakana yenye nafasi, na karakana zetu nyingi nafasi hiyo hazina. Basi ubao tunaulaza, na msumeno wa mkononi ndio unaotembea. Hapo ndipo reli inapohitajika.

Mwezi huu nilikata mbavu mbili za kabati la nguo, kila moja milimita 2100 kwa 580, kwa reli niliyoitengeneza mwenyewe. Kitako chake ni ukanda wa plaiwudi ya milimita 9 wenye urefu wa 2440. Juu yake nimefunga kwa skrubu bomba la mstatili la alumini, lile lile wanalotumia mafundi wa madirisha, kwa sababu hutoka kiwandani likiwa limenyooka. Kitako nilikiacha kipana kuliko inavyohitajika. Kisha nikaubana msumeno kwenye bomba na kuupitisha mara moja kutoka mwanzo hadi mwisho, ukajikatia ziada yote.

Mkato huo wa kwanza ndio roho ya kifaa kizima. Awali nilikuwa nabana papi iliyonyooka na kutoa hesabu: kutoka ukingo wa kitako cha msumeno hadi meno ni milimita 127, kwa hiyo papi ikae 127 nyuma ya alama. Siku moja nilisoma 117 nikaharibu mlango wa mteja, nikanunua plaiwudi nyingine kwa fedha yangu. Kwenye reli hesabu hiyo haipo. Ukingo wa kitako umekatwa na diski ile ile itakayokata ubao, hivyo ukiulaza juu ya alama, meno yatapita hapo hapo. Reli za kiwandani nazo hufuata kanuni hiyo: utepe wa mpira ulio pembeni hukatwa na msumeno wa mnunuzi mara ya kwanza anapoutumia. Ukibadilisha diski ukaweka nyembamba zaidi, ukingo unaanza kusema uongo. Mimi nimeandika juu ya reli yangu kwa kalamu ya wino mzito: msumeno gani, diski gani.

Kijana ninayemfundisha aliniuliza, "Fundi, nikate juu ya mstari au pembeni?" Ni swali la msingi kuliko linavyosikika. Diski yangu inakula milimita 2.5. Ukigawa 1220 kwa vipande vinne hupati 305 kila kimoja. Mikato mitatu imeshakula 7.5, na kinachobaki ni 303 na chembe. Jibu nililompa: reli ilale juu ya kipande unachokihitaji, ukingo wake uguse alama, diski ile upande wa kutupwa. Akilishika hilo, hatahitaji kuuliza tena.

Kulaza reli juu ya kipande kizuri kuna faida nyingine ambayo wengi hawaijui. Meno ya msumeno wa mkononi huingia kwa chini na kutokea juu, ndiyo maana uso wa juu wa plaiwudi huchanika vibanzi, hasa unapokata kukingama na nyuzi. Bila reli tunalaza uso mzuri chini. Ukiwa na reli unaweza kuuacha juu, kwa kuwa ukingo unazikandamiza nyuzi pale pale zinapotaka kuinuka. Ila tazama ng'ambo ya mkato: kule hakuna kilichozikandamiza, na vibanzi vitaonekana. Nikitaka pande zote mbili, napita kwanza kwa kina cha milimita 2 tu, halafu narudia kwa kina kamili. Diski ikiwa juu juu, meno yake hutoka kwa mlazo badala ya kuinua nyuzi.

Mpangilio wa mikato nao ulikuwa na sababu. Reli ya 2440 haiwezi kuchana plaiwudi ya 2440, kwa kuwa msumeno unahitaji mahali pa kukaa kabla diski haijagusa ubao na baada ya kutoka. Nilianza kwa kukata kukingama, nikaondoa milimita 340. Ubao ukabaki 2100, na reli ikawa na 170 za ziada kila upande. Mwenye reli mbili za kiwandani za 1400 anaziunganisha, lakini athibitishe kiungo: achore mstari, aigeuze reli, achore tena kwenye alama zile zile. Mistari ikiachana, reli imepinda nusu ya mwachano huo.

Chini ya ubao niliweka papi nne, mbili kila upande wa mkato, zikifuata urefu wake. Kipande kikining'inia kitainama, mkato utafunga na kuibana diski, na msumeno utarudi kwa fundi kwa nguvu ambayo mkono hauizuii. Kina nilikipima huku waya umechomolewa: diski itokeze chini milimita chache tu, na unene wa kitako cha reli uhesabiwe ndani yake.

Mbavu zilipokamilika nilipima kona kwa kona. Ubavu wa kwanza ulisoma 2178 na nusu pande zote mbili. Wa pili ulitofautiana milimita moja. Nikarudi kwenye plaiwudi, nikakuta pembe ya kiwandani niliyoanzia haikuwa mraba.