Kurudia Wimbo kwa Picha: Nakala au Jibu?

Kuirudia kazi ya mwenzako si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili, wala si aibu. Kisiwani Pemba, malenga Kamange na Sarahani wanakumbukwa kwa kujibizana mashairi. Ada ya kujibizana ni kwamba mwenye kujibu huchukua bahari, mizani na pengine hata vina vya mwenziwe, lakini maana huileta yake mwenyewe.

Kipimo hicho ndicho kifaacho kuhukumia zoezi linalopendwa na vijana wa skuli siku hizi: kuchukua filamu ya wimbo unaojulikana na kuiigiza upya. Kazi hiyo ina nidhamu yake. Wimbo hupigwa kwa kipaza sauti, mwigizaji akaufuatisha kwa midomo, na kipande kimoja hurudiwa mpaka mdomo na sauti vikubaliane. Kisha vipande hukatwa na kuungwa. Mwanafunzi anayeongoza hujifunza kupanga watu, mwanga na wakati. Huo ni ufundi, nao una thamani. Hata hivyo, kijana wa Wete anayevaa miwani ya jua na kuegemea gari la kuazima, kwa kuwa ndivyo alivyofanya mwimbaji wa kwanza, amenakili mkao tu, wimbo hajausoma.

Hatari ni kubwa zaidi katika taarabu, ambayo nyimbo zake nyingi zimejengwa kwa mafumbo. Neno moja hubeba maana mbili au tatu, na msikilizaji huchagua. Kamera haina subira hiyo: wimbo ukitaja njiwa, nayo ikaonyesha njiwa, fumbo limekufa.

Hata wimbo unaosimulia waziwazi unaweza kusomwa vibaya. Tuchukue "Kijiti" wa Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa santuri. Wimbo huo unasimulia kuuawa kwa mwanamke. Muuaji akavuka bahari kukimbilia bara, na waliofika kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Mwongozaji mwepesi ataonyesha damu na mbio, maana hayo hayana taabu kupigwa picha. Lakini uzito wa wimbo uko mahakamani, katika sheria ya kikoloni iliyomkosa mwenye hatia ikawaangukia wanyonge. Kamera ikitulia juu ya nyuso za mashahidi mpaka ubeti umalizike, hapo wanafunzi watakuwa wamejibu.

Kwa hiyo mwalimu asianze na kamera. Wimbo usomwe kwanza darasani kama shairi lisomwavyo, na wanafunzi waulizwe: nani anasema, anamwambia nani, na ni lipi alilolificha? Ndipo mahali pa kupigia picha pachaguliwe. Mkarafuu nao usisimamishwe nyuma ya mwimbaji kama pazia. Ni mti ambao watu huukwea kwa hatari, wakachuma, wakachambua na kuanika. Ukiingia katika picha, uingie na jasho lake.

Vijana wetu wataendelea kuziona na kuzipenda filamu za watu wengine, na hakuna ubaya. Ubaya ni kuzipokea bila ya kuwa na neno la kurudisha. Malenga wa Pemba walijua kuwa anayerudia maneno ya mwenziwe bila ya kuongeza lake hajaingia katika malumbano. Amesimama pembeni akishangilia.