Uamuzi wa Mapema na Nafasi za Wanamichezo

Kila mwaka, katikati ya mwezi wa Desemba, vyuo vidogo vyenye sifa kubwa vya New England, mathalan Amherst, Williams na Bowdoin, hutoa majibu kwa walioomba kwa njia ya uamuzi wa mapema, nayo ni njia ambayo mwombaji, pamoja na mzazi wake na mshauri wa skuli yake, hutia saini kwamba akikubaliwa ataingia chuo hicho na kuyaondoa maombi yake yote kwingineko. Tarakimu zikishachapishwa, wazazi huona kwamba katika mlango huo hupita aghalabu robo ya waombaji au karibu yake, ilhali katika mlango wa kawaida hapiti hata mmoja katika kumi. Basi hukata shauri kwamba kuomba mapema humzidishia kijana bahati mara tatu au nne. Hukumu hiyo haina insafu, kwa kuwa wastani ule umechanganya watu ambao mambo yao yalikwisha pitishwa na watu ambao mambo yao hayajatazamwa bado.

Vyuo hivyo vitatu vimo katika jumuiya ya michezo iitwayo NESCAC, yenye vyuo 11, na kwa kanuni ya daraja lao la mashindano havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Kwa kuwa kocha hana fedha ya kumvutia mchezaji, silaha yake ni nafasi ya kuingia. Majira ya kiangazi, kabla kijana hajauanza mwaka wake wa mwisho wa sekondari, kocha huipelekea ofisi ya udahili matokeo yake ya masomo, nayo huyasoma na kumjibu kama kijana huyo anafaa au hafai. Jibu likiwa jema, kocha humwambia kijana aombe mapema naye atamuunga mkono. Na sababu ni dhahiri, maana kocha amekadiriwa idadi ya watu wa kuwaunga mkono, wala hataki kuitupa nafasi moja kwa mtu ambaye mwezi wa Aprili huenda akachagua kwingine. Kwa hiyo fomu inayofika mwezi wa Novemba huja kutimiza tu jambo ambalo limekwisha semwa.

Kiasi cha watu hao si kidogo. Amherst, katika taarifa yake ya mwaka 2017 juu ya mahali pa michezo chuoni, ilieleza kwamba iliruhusiwa nafasi 67 kila mwaka za wanamichezo ambao mchezo ulikuwa na uzito mkubwa katika kukubaliwa kwao, na zaidi ya hao walikuwapo wengine baina ya 60 na 90, wenye masomo ya juu, ambao mchezo uliwasaidia pia. Na wanafunzi wapya wote wa chuo hicho kwa mwaka hawakufika 500.

Tuchukue sasa chuo cha mfano, nimezipanga tarakimu zake mwenyewe ili hesabu ionekane. Wameomba mapema 900, wamekubaliwa 250, yaani karibu 28 kwa mia. Waondoe wanamichezo 90, ambao 85 kati yao wamekubaliwa: wamebaki waombaji 810 na nafasi 165, nayo ni 20 kwa mia. Waondoe tena 25 waliokwisha unganishwa na chuo kupitia QuestBridge, mpango wa vijana hodari wa jamaa zenye kipato kidogo, ambao huenda wamehesabiwa humo humo: wamebaki 785 kwa nafasi 140, chini ya 18 kwa mia. Ikiwa mlango wa kawaida hupitisha 7 kwa mia, faida iliyoonekana kuwa mara nne imeshuka hadi mara mbili na nusu, na bado hatujawagusa watoto wa waliosoma hapo zamani.

Hata hivyo, atakosea atakayesema kwamba faida haipo. Avery, Fairbanks na Zeckhauser, katika kitabu chao cha mwaka 2003, walilinganisha waombaji wenye sifa zinazokaribiana, wakakuta kwamba kuomba mapema kulikuwa sawa na kuongezewa kama alama 100 katika mtihani wa SAT. Chuo hupenda mtu ambaye hakika atakuja, na upendeleo huo humfikia hata asiyejua kupiga mpira.

Linalonihuzunisha ni kwamba faida hiyo humwendea zaidi asiye na haja ya kulinganisha misaada ya karo. Aliyefungwa na ahadi hupokea hesabu ya chuo kimoja tu, naye aweza kufunguliwa ikiwa msaada hautoshi, lakini hana ya pili ya kuipimia. Kijana wa Mombasa au Dar es Salaam huongezewa uzito mwingine, kwa sababu vyuo vingi vya Marekani huitazama haja ya msaada ya mgeni wakati wa kumkubali au kumkataa.

Vyuo huchapisha kila mwaka idadi ya walioomba mapema na ya waliokubaliwa. Naona ni wajibu wao kuongeza safu moja tu katika jedwali hilo hilo: wangapi kati ya hao walikwisha somewa matokeo yao kiangazi kwa ombi la kocha.