Nyimbo 1,400, Redio Hakuna

Mjomba wangu anakaa Gerezani tangu kabla sijazaliwa. Mwaka jana redio kaseti yake ilikata roho. Fundi aliifungua, akapuliza vumbi, akaifunga tena bila kusema kitu, na sote tukaelewa. Nikaona nimfurahishe mzee. Nikaenda kwa vijana wa Kariakoo wanaojaza nyimbo kwenye flashi, nikamwambia mmoja: nipe zilipendwa, zote ulizonazo. Akanipa nyimbo 1,400. Nikanunua na kispika chenye tundu la flashi, nikampelekea.

Alisikiliza siku mbili. Ya tatu nikamkuta amekizima.

"Shikamoo mjomba. Kimeharibika?"

"Marahaba. Hakijaharibika. Kinaimba tu, hakisemi."

Nimekaa na maneno hayo miezi kadhaa, na naona ndiyo tahakiki fupi kuliko zote nilizowahi kusikia juu ya maktaba zetu za nyimbo. Hebu basi tuisome ile flashi kama tunavyosoma diwani: nani kaichagua, kaipangaje, na inamwambia nini msomaji?

Jibu la kwanza: hakuna aliyeichagua. Ni diwani isiyo na mhariri. Nilikuta jalada la NUTA Jazz, jalada la JUWATA, jalada la OTTU na jalada la Msondo Ngoma, kama vile ni bendi nne zisizojuana. Kumbe ni bendi moja, iliyoanza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi na kubadili jina kila chama kilipobadilika. Sauti ya Muhidin Gurumo inatokea humo, inatokea tena kwenye jalada la Mlimani Park, bendi aliyoshiriki kuiasisi mwaka 1978, na flashi haikupi hata fununu kwamba ni mtu yule yule kahama. Nyimbo nyingine zinaitwa "Track 07". Halafu zote ni zile zilizovuma. Pilau asubuhi, pilau mchana, pilau usiku. Mwisho unatamani hata uji.

Redio haikuwa hivyo. Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyochukua nafasi ya Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1965, haikuwa mpigaji wa nyimbo tu, ilikuwa pia mahali zilipozaliwa. Bendi zilikwenda kurekodi studio kwake, na nyimbo nyingi hazikuwahi kutoka kwenye sahani ya santuri. Ukizitaka, unasubiri zipigwe. Na zinapigwa zikiwa na majirani: taarifa ya habari, Mazungumzo Baada ya Habari, Mama na Mwana kwa watoto, vituko vya Pwagu na Pwaguzi, na matangazo ya vifo ambayo yalinyamazisha nyumba nzima. Wimbo wa mtu anayelalamikia ndugu zake ukija baada ya tangazo la msiba si wimbo ule ule. Maana yake nusu iko kwa mwimbaji, nusu iko kwa kilichotangulia. Flashi inakupa nusu ya kwanza tu.

Kuna maktaba bora kuliko ya yule kijana. Mfululizo wa Zanzibara, unaotolewa Ufaransa na kampuni ya Buda Musique na ambao Werner Graebner ameufanyia kazi kubwa, una mhariri kweli kweli. Sauti zimesafishwa, bendi zimepewa majina yake, na kuna kijitabu cha maelezo. Nauheshimu sana. Lakini maelezo hayo ni ya mtu aliyeketi mezani na miwani yake. Mjomba macho yamechoka, na hata yasingechoka, yeye hataki kusoma habari za Western Jazz. Anataka kuambiwa, na sauti ya mtu, kabla wimbo haujaanza.

Maktaba ya tatu tuliivuta kutoka uvunguni: boksi la kanda alizorekodi mwenyewe redioni. Kwa kaseti ya kuazima tukazisikiliza. Zina mkwaruzo, nyingine zimenyong'onyea. Zamani alikaa kidole juu ya kitufe ili amkate mtangazaji, abaki na muziki mtupu. Mara nyingi alichelewa. Ndiyo maana mwanzoni mwa wimbo unasikia mkia wa sentensi ya mtu, jina la mtaa, salamu kwa fulani na familia yake. Kile alichokuwa anakikimbia ndicho sasa tulichokuwa tunarudisha kanda nyuma ili tukisikie mara ya pili. Kati ya maktaba zote tatu, hii mbovu ndiyo yenye redio ndani yake.

Lakini tusidanganyane kwa utamu wa zamani. Redio ile ilikuwa ya serikali na haikuwa na mshindani. Mashairi yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na yasiyopendeza yakabaki nje. Milango ya vituo binafsi ilipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1993, na Radio One ikaja, watu hawakulia. Walizungusha kitufe kwa furaha, na mjomba alikuwa mmoja wao. Anayetaka kuirudisha redio ya zamani ajue anarudisha ipi. Mimi ninataka mambo mawili tu: kutojua kinachofuata, na mtu wa kunishika mkono kati ya wimbo na wimbo. La tatu nimelikatia tamaa, ule mwendo wa kutoka Gerezani hadi Msimbazi ukisikia wimbo mmoja dirisha kwa dirisha bila kukosa ubeti. Hilo halimo kwenye flashi ya mtu yeyote, maana lilihitaji mtaa mzima.

Basi nikafanya jaribio. Nikachagua nyimbo ishirini na tano tu, zikiwemo na zisizojulikana sana. Nikampa shangazi azipange bila kutuambia. Kisha nikamwekea mjomba simu mdomoni: sema. Akakataa. "Mimi si mtangazaji." Siku ya pili akakohoa, akasema habari za Gurumo kuhama bendi, nani alimfuata, na yeye mwenyewe siku hiyo alikuwa wapi na nani, ukumbi wa DDC Kariakoo. Dakika mbili. Nikaziweka kabla ya wimbo. Sasa tunazo kumi na moja. Nyimbo zenyewe zinapatikana kwa kila kijana mwenye kompyuta pale mtaani. Hizi dakika mbili mbili hazipo kokote, na mwenye nazo ana miaka themanini na moja.

Jumapili iliyopita spika ilikuwa dirishani. Sauti yake ikatoka, ikataja mwaka ambao bendi fulani ilivunjika. Mjomba akainua kichwa.

"Muongo huyo," akasema. "Hajui kitu. Lete simu, nirekebishe."